Kudisko kwenye sayansi na uhandisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sayansi na uhandisi katika vyuo vikuu vya Tanzania, wazazi wao, na wahadhiri wanaowafundisha. Maswali haya hurudi kila mwaka, tangu vyuo vinapofunguliwa hadi majina ya waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, yanapobandikwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wengi wanaoondoka walikuwa na uwezo wa kumaliza, na kazi kubwa ya kuwaokoa ni ya muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza.

Wanaodisko si ndio wale wasioweza?

Hapana. Hebu tazama ni nani anayeingia kusoma uhandisi. Ni kijana aliyechujwa kidato cha nne, akapangiwa PCM au PGM (fizikia na hisabati, pamoja na kemia au jiografia), akakomaa miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha akagombea nafasi na wenzake kutoka nchi nzima. Akili ya mtu huyo haiwezi kuyeyuka kati ya Oktoba na Februari. Kama amefeli masomo matatu kwa mpigo, kuna kilichobadilika kwenye mazingira yake, na hicho ndicho cha kutafuta.

Jambo hili limechunguzwa kwa kina. Mwaka 1997 watafiti Elaine Seymour na Nancy Hewitt walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wanafunzi wa vyuo saba vya Marekani. Wote walikuwa wameingia chuo wakiwa na alama nzuri za hisabati. Baadhi wakaihama sayansi, wengine wakabaki. Ajabu ni kwamba malalamiko ya makundi yote mawili yalifanana: ufundishaji mbovu, mwendo wa kukimbizana, kukosa mtu wa kumuuliza. Aliyebaki hakuwa lazima mwenye akili zaidi. Mara nyingi alikuwa amepata namna ya kukabiliana na hali hiyo, au mwalimu mmoja alimshika mkono pale alipokuwa anaporomoka.

Wala si tatizo la nchi maskini peke yake. Ripoti ya washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani ya mwaka 2012 ilieleza kwamba chini ya asilimia 40 ya wanaoingia chuo kwa nia ya kusoma sayansi, uhandisi au hisabati ndio wanaohitimu katika fani hizo. Nchi yenye maabara na fedha zote zile!

Kwa nini ni mwaka wa kwanza, wakati masomo magumu yanakuja baadaye?

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo wengi huenda JKT, wengine hukaa nyumbani au husaidia biashara ya familia. Miezi mitano inapita bila kugusa swali hata moja la intigresheni. Halafu muhula unaanza na kwenda kasi. Katika wiki 15 hivi hakuna nafasi ya mtu kuchangamka taratibu.

Ubaya wa fani hizi ni kwamba masomo yameshikana. Kalkulasi ya muhula wa kwanza inahitajika kwenye mekaniksi, kwenye saketi za umeme, kwenye mtiririko wa vimiminika, na baadaye kwenye thamodainamiki. Mwanafunzi wa historia aliyekosa mada moja anaweza kuifidia mada inayofuata. Wa uhandisi aliyekosa diferensiesheni atakutana nayo tena kila muhula, kila mara ikiwa ndani ya kitu kigumu zaidi. Ndiyo maana mtu anayedisko mwaka wa pili au wa tatu, ukimfuatilia vizuri, utakuta ufa ulianza wiki ya nne ya mwaka wa kwanza.

Nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Je, nina hatari zaidi?

Kwenye programu zenye hisabati nyingi, ndiyo. Wewe ulisoma hisabati tumizi ya msingi, ile BAM, wakati mwenzako wa PCM alisoma hisabati ya juu kwa miaka miwili. Pengo hilo ni la mada, na mada zinafundishika. Tafuta kitabu cha hisabati ya juu cha kidato cha tano na sita, pitia limiti, diferensiesheni, intigresheni, vekta na namba changamano kabla chuo hakijafunguliwa. Usisubiri mhadhiri arudi nyuma, kwa sababu hatarudi.

Mwanangu alipata divisheni wani. Imekuwaje analeta D?

Mzazi, shule ya bweni ilikuwa inambeba mwanao kwa namna ambayo hata yeye hakuiona. Kengele ya prepu ilimkalisha chini kila usiku. Mwalimu alikagua daftari. Mtihani wa taifa una sura inayojulikana, na miaka miwili yote ilikuwa ya kuuandaa. Chuoni kengele haipo. Asipohudhuria mhadhara wenye watu mia nne hakuna atakayeuliza yuko wapi, na uhuru huo unamkuta akiwa na umri wa miaka 19 au 20.

Kuna jambo la pili linalouma zaidi. Mwanao alizoea kuwa wa kwanza au wa pili. Sasa anakaa na watu ambao wote walikuwa wa kwanza au wa pili. Akipata 11 kati ya 40 kwenye jaribio, aibu inamfunga mdomo, anaacha kwenda semina asije akaulizwa swali mbele ya wenzake, na kwa kuacha semina anazidi kuzama. Aibu hii imewatoa chuo vijana wengi kuliko ugumu wa hesabu zenyewe. Ukimpigia simu akakujibu "kila kitu kiko sawa" kwa haraka sana, muulize tena kwa upole.

Kiingereza kina mchango gani?

Kikubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Watoto wengi wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wanabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, na wengi wanavuka sekondari kwa kukariri sentensi ambazo hawawezi kuzieleza kwa maneno yao. Kukariri kunaweza kukufikisha mbali kwenye mitihani ya shule. Chuoni swali linakuja kama maelezo ya aya nzima kuhusu daraja au pampu, na lazima uelewe kinachosemwa ndipo ujue mlinganyo gani unaohitajika.

Ninachoshauri ni hiki: elezaneni kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha andikeni jibu kwa Kiingereza cha mtihani. Msione haya. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini mkondo wa umeme unagawanyika kwenye saketi sambamba ameshaielewa fizikia. Kilichobaki ni kuivalisha lugha. Wahadhiri nao wanaweza kutoa orodha ya istilahi za somo wiki ya kwanza, na kuruhusu maswali kwa Kiswahili kwenye semina.

Diskasheni zinasaidia kweli, au watu wanakwenda kupiga soga?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa kuliko yote, kwa sababu jibu lake halihitaji bajeti.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi walikuwa wakifeli sana kalkulasi huku wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, shule zao zilikuwa dhaifu, familia haziwasukumi. Treisman akaenda kuishi nao karibu na kuwatazama wanavyosoma. Majibu yale yote yakaanguka. Wanafunzi Weusi walikuwa na bidii, wakisoma saa nyingi kama walivyoelekezwa, lakini kila mmoja peke yake chumbani. Wale wa asili ya China walifanya kazi peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakakosoana, wakajua nani amekwama wapi. Aliyesoma peke yake alipokosea hakujua kama tatizo ni lake au swali lilikuwa gumu kwa kila mtu.

Treisman akaanzisha vikundi vya kazi. Hakuviita vya waliofeli, wala hakutoa maswali mepesi. Alitoa magumu kuliko ya darasani, wakayafanya pamoja. Matokeo yakapanda sana, na mtindo huo ukaigwa vyuo vingine vingi.

Sasa turudi kwenye vimbweta vyetu, zile meza na viti vya nje tunakosomea. Diskasheni nyingi zinaharibika kwa sababu watu wanafika mikono mitupu na mmoja anageuka mhadhiri wa wengine. Kaeni watu wanne hadi sita. Kila mmoja afike akiwa ameshajaribu maswali, hata kama amekosea. Asiyeelewa ndiye ashike chaki, na anayejua akae kimya amsikilize hadi atakapokwama. Kutaneni siku ile ile kila wiki tangu wiki ya pili, maana kikundi kinachoundwa wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho ni cha kufarijiana tu.

Je, madesa na pasti pepa vinatosha?

Pasti pepa ni nzuri kwa kujipima mwishoni. Ukianza nazo, unajifunza sura ya swali bila kujifunza kitu chenyewe, na mhadhiri akibadilisha swali kidogo tu unaishiwa. Madesa, yaani notisi za kunakiliana, yana tatizo hilo hilo, tena mengine yamenakiliwa na makosa yake kwa miaka kumi.

Nina wanafunzi 400 kwenye ukumbi mmoja. Nifanye nini mimi mhadhiri?

Nakubali kwamba idadi hiyo ni mzigo usio wa haki. Hata hivyo kuna mambo yanayowezekana.

Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na madarasa ambamo wanafunzi wanashughulishwa: kujibu maswali, kujadiliana, kufanya hesabu papo hapo. Kwenye mihadhara ya kawaida wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ya kushughulishwa, asilimia 21.8. Tofauti hiyo ya pointi 12, kwenye ukumbi wako wa watu 400, ni karibu wanafunzi 48. Hao wana majina.

Wala huhitaji vifaa vya kisasa. Simama kila dakika 15 au 20, weka swali moja ubaoni lenye majibu manne, waambie wanyooshe vidole kwa kila jibu, kisha wape dakika mbili wabishane na jirani, halafu uwaulize tena. Utaona vidole vinahama. Utaona pia, kabla ya mtihani, ni nini ambacho ukumbi mzima haujakielewa.

La pili, na kwangu hili lina uzito zaidi: toa jaribio dogo kufikia wiki ya tatu au ya nne, na urudishe alama ndani ya wiki moja. Katika vyuo vyetu vingi tathmini ya muhula ina alama 40 na mtihani wa mwisho 60, lakini mara nyingi jaribio la kwanza linafanyika katikati ya muhula na alama zinatoka wiki ya mwisho. Mwanafunzi anaingia mtihani bila kujua yuko wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa anayejengeshwa ukuta ni kijana wa watu.

Si afadhali tupunguze ugumu wa mitihani?

Hapana. Maghorofa yanasimama au yanaanguka kwa hesabu hizi. Lengo ni watu wengi zaidi wakifikie kiwango kile kile.

Chuo kitajuaje kwamba mwanafunzi anazama?

Dalili zipo na nyingi tayari zimo kwenye mafaili ya chuo: hakufanya jaribio la kwanza, hakuwasilisha ripoti mbili za maabara, hajakamilisha usajili kwa sababu ya ada, hajasaini fomu za mkopo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jukumu la kuziweka pamoja na kupiga simu. Kila mwanafunzi hupangiwa mshauri wa kitaaluma, lakini wengi wanamfahamu kwa jina kwenye karatasi tu. Idara ikiamua kwamba kila mshauri akutane na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza mara moja kabla ya wiki ya tano, ana kwa ana, walau dakika kumi, itawaona wanaozama wakiwa bado wanaweza kushikwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewahi kukeri somo, yaani kusonga mbele huku akidaiwa somo alilofeli, naye ni hazina. Mdogo wake atamwambia mambo ambayo hatamwambia profesa.

Bumu (fedha za mkopo za kujikimu) likichelewa, ndiyo sababu ya kufeli?

Kwa mtoto wa familia isiyo na akiba, ndiyo, inaweza kuwa. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na kwa maelfu bila hiyo chuo kingekuwa ndoto. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ila posho ya siku isipofika kwa siku zake, mwanafunzi anakula mlo mmoja, anakopa kwa wenzake, au anaanza kuuza vocha na chipsi jioni ambazo alipaswa kuwa maktaba. Mwenye kozi ya maabara ya mchana kutwa hana hata muda wa kibarua hicho.

Malazi nayo yanahusika. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado watu wanabebana, wawili kitanda kimoja. Anayekaa mbali anatumia saa tatu kwenye daladala kwa siku.

Chuo ambacho kina hamu ya kupunguza wanaoacha kinapaswa kuwa na mfuko mdogo wa dharura: laki moja au mbili, unatolewa ndani ya siku chache, unarudishwa bumu likitoka. Kumpoteza mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa ajili ya nauli na chakula cha wiki mbili ni hasara isiyoelezeka, ukizingatia fedha ambazo taifa limeshamlipia. Wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi kidato cha sita wana ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, lakini anayehangaika kwa kawaida si yule aliyeongoza nchi.

Wasichana wanahitaji msaada wa peke yao?

Wanahitaji njia isiyo na miiba ya ziada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa kidogo alama za kuingia uhandisi. Wakanolewa hisabati na fizikia, waliofaulu wakadahiliwa. Makerere, tangu 1990, iliwaongezea wasichana pointi 1.5 kwenye udahili. Hatua hizo zilifungua mlango. Kubaki ndani ni habari nyingine: kuwa msichana mmoja kwenye kikundi cha karakana na kupewa kazi ya kuandika ripoti huku wavulana wakishika mashine, kukosa mahali salama pa kusomea usiku, na mhadhiri anayetumia alama kama chambo cha ngono. La mwisho ni kosa la jinai, na chuo kinacholinyamazia kinawafukuza wasichana kwa mkono wake.

Kuna mahali walipofanikiwa kwa mpango kamili?

Wapo. Chuo cha UMBC, jimbo la Maryland, Marekani, kilianza mpango wa Meyerhoff mwaka 1988 chini ya Freeman Hrabowski, kwanza kwa vijana Weusi wa kiume. Wanakuja wiki kadhaa kabla ya masomo, wanasoma hisabati pamoja, wanaishi pamoja mwaka wa kwanza, wanapata ufadhili, wanaingizwa maabara za utafiti mapema. Vyuo vya Penn State na Chapel Hill viliuiga baadaye.

Karibu na kwetu, Chuo Kikuu cha Cape Town kina mpango wa ASPECT kwa wanafunzi wa uhandisi waliotoka shule dhaifu: masomo ya mwanzo yanatandazwa kwa muda mrefu zaidi, darasa ni dogo, na mwalimu anamfahamu kila mtu. Shahada inachukua mwaka mmoja zaidi, nao wanahitimu wahandisi kamili. Hapa nyumbani ningeanza na wiki nne za hisabati kabla ya Oktoba. Madarasa yapo, yamefungwa likizo.

Nina sapu (mitihani ya marudio) mbili. Nifanyeje?

Mdogo wangu, kwanza chukua kanuni za mitihani za chuo chako uzisome mwenyewe; usitegemee maneno ya kwenye korido, maana kiwango cha GPA (wastani wa alama zako) na idadi ya masomo inayokutoa hutofautiana. Kisha omba kuiona karatasi yako kama kanuni zinaruhusu, au nenda kwa mhadhiri umuulize ulianguka wapi. Rudia mada, usirudie pasti pepa. Na kama umefiwa, unaumwa au akili imechoka kiasi cha kutolala, omba kuahirisha kwa maandishi kabla ya mtihani. Kutoingia mtihani bila ruhusa huhesabiwa kutoroka, na hapo utetezi unakuwa mgumu sana.

Kubadilisha kozi ni kushindwa?

Aliyesukumwa na familia kusoma uhandisi wa umeme huku moyo wake uko kwenye takwimu, akihama mapema anaokoa miaka yake. Ahame kwa kuchagua. Anayekimbia kwa sababu ya jaribio moja angesubiri muhula uishe.

Nimeshadisko. Ndiyo basi?

Siyo. Unaweza kuomba udahili upya kwenye programu nyingine au chuo kingine. Fuata mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka husika. Njia ambayo watu wanaidharau bila sababu ni stashahada ya ufundi, kama zile za Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha. Unasoma kwa mikono, na ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi. Wengi waliopitia huko wanaingia chuo kikuu wakiijua mashine kabla ya mlinganyo wake. Kumbuka tu kwamba mkopo uliokwisha kuupokea bado unadaiwa hata kama hukumaliza, hivyo wasiliana na Bodi mapema.

Mwanangu hapokei simu tangu matokeo yatoke.

Usimtumie ujumbe wa kumuuliza fedha zako zimekwenda wapi. Mtumie wa kumwambia kwamba umeshajua na kwamba nyumbani ni kwao. Mtafute mwenzake wa chumba, au piga ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ya chuo chake. Kazi hiyo ni yao. Ukimpata, mpe siku mbili tatu ale na alale. Kisha kaeni wawili na karatasi ya matokeo, somo kwa somo, na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa.